Kikombe cha Maziwa Mepesi: Protini, Mafuta na Wanga katika Chakula cha Mtoto Aliyevimba

Asubuhi katika wodi ya utapiamlo, muuguzi humpa mama kikombe kidogo cha maziwa yaliyopimwa kwa mililita. Mtoto aliyepakatwa ana umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Miguu yake imevimba, na ikibonyezwa kwa kidole gumba hubaki shimo. Nywele zimepoteza weusi wake na kuwa na rangi ya kutu, mashavu yamejaa kama ya mtoto aliyenona, na ngozi ya mapaja imeanza kubanduka. Hachezi, hacheki, na chakula hakitaki. Mama huyatazama maziwa yale, huona kuwa ni mepesi mno, kisha huuliza swali ambalo wauguzi wa wodi hizo wamelizoea: "Sista, kliniki tuliambiwa mtoto akivimba hivi amekosa protini. Mbona hamumpi mayai, au maziwa yenyewe yasiyotiwa maji?"

Swali hilo ni la haki. Kwa miaka mingi vitabu vya shule na mabango ya kliniki yamefundisha kwamba unyafuzi, ambao wengi huuita kwashakoo, hutokana na upungufu wa protini, na kwamba nyongea, ule ugonjwa wa mtoto kubaki mifupa na ngozi, hutokana na upungufu wa chakula chote. Hata hivyo maziwa yaliyomo kikombeni, yaitwayo F-75, yametengenezwa kwa makusudi yawe na protini chache. Katika kila mililita 100 mna gramu 0.9 tu, ilhali maziwa ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3. Protini huchangia asilimia 5 ya nishati yake, mafuta asilimia 32, na sehemu yote iliyosalia hutoka katika wanga, yaani sukari na, katika baadhi ya matayarisho, unga wa nafaka. Mtoto anayesemekana kukosa protini hupewa protini kidogo kuliko mtoto mzima wa jirani. Ili kulielewa jambo hili, ni lazima kurudi nyuma miaka 90.

Jina la kwashiorkor liliingia katika vitabu vya tiba kwa mkono wa Cicely Williams, daktari aliyezaliwa Jamaika na kufanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1933 aliandika juu ya ugonjwa wa watoto wanaolishwa zaidi uji wa mahindi, na mwaka 1935 akautaja kwa jina ambalo akina mama wa Kiga walikuwa wakilitumia wenyewe: ugonjwa anaoupata mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Akina mama hao walikwisha kuona jambo ambalo madaktari hawakuliona. Walijua kwamba ugonjwa huanza siku mtoto anapoachishwa ziwa na kuwekewa bakuli la uji. Williams mwenyewe alisema kwa tahadhari kwamba huenda kuna upungufu wa protini. Tahadhari yake haikudumu sana mikononi mwa waliomfuata.

Katika Afrika Mashariki ugonjwa huohuo ulikuwa ukionekana na kuitwa majina mengine. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929, aliwaona watoto wenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba, akadhani ni aina ya pelagra. Mwaka 1935 alihamia Uganda, na katika hospitali ya Mulago, Kampala, alitumia miaka mingi kuuchunguza ugonjwa huo. Kitabu alichokiandika pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, kilichotoka mwaka 1954, kilikuwa rejea kuu ya fani hiyo. Mahali pale palifaa kwa uchunguzi kama huo, kwa sababu watoto wengi wa Buganda walilishwa matoke, viazi vitamu na mihogo: vyakula vyenye wanga mwingi, protini chache sana na karibu hakuna mafuta. Ilikuwa rahisi kutazama bakuli la namna hiyo na kukata shauri kwamba kinachokosekana ni protini. Kwamba mafuta nayo yamekosekana, na kwamba tumbo la mtoto hujaa kabla mwili haujashiba, hayo hayakupewa uzito uleule.

Mwaka 1952 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya yalichapisha taarifa ya J. F. Brock na M. Autret waliozunguka Afrika wakiuchunguza ugonjwa huo. Mwaka 1955 ikaundwa kamati ya kimataifa ya ushauri juu ya protini. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata, dunia iliamini kwamba njaa kubwa ya nchi maskini ni njaa ya protini. Fedha nyingi zilitumika kutengeneza unga wa samaki usio na harufu, na hata protini ya hamira iliyooteshwa juu ya mazao ya petroli. Vyakula hivyo vilikuwa ghali kwa walengwa, na vingi havikuwahi kufika jikoni mwao.

Dalili kwamba hesabu haikukaa sawa zilikuja kutoka pande mbalimbali. Huko Hyderabad, India, Gopalan na wenzake walilinganisha chakula cha watoto waliopata unyafuzi na cha wale waliopata nyongea, wasikute tofauti ya uwiano wa protini iliyotarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa FAO na WHO walipunguza makadirio ya mahitaji ya protini, na pengo lililokuwa likitangazwa likayeyuka kwa sehemu kubwa. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet makala ya kuulaumu waziwazi mwelekeo wote huo. Kisha mwaka 1982 Michael Golden, aliyekuwa akiwatibu watoto huko Jamaika, alionyesha kwamba uvimbe huisha hata kwa mtoto anayepewa chakula chenye protini chache, na huisha kabla albumini ya damu haijapanda. Ikiwa uvimbe unaisha bila protini kuongezwa, ni vigumu kusema kwamba upungufu wa protini peke yake ndio uliouleta. Mpaka leo chanzo kamili cha unyafuzi kinaendelea kuchunguzwa. Maambukizi, upungufu wa virutubishi vidogo na bakteria wa utumbo vyote vimo katika mjadala.

Kosa hilo lilikuwa na gharama kwa watoto wenyewe. Mwaka 1996 Schofield na Ashworth walikusanya taarifa za hospitali za miongo mitano, wakakuta kwamba kati ya watoto 100 waliolazwa kwa utapiamlo mkali, 20 hadi 30 walikuwa wakifariki, na kwamba hali hiyo haikuwa imebadilika tangu miaka ya 1950. Sababu mojawapo waliyoitaja ilikuwa matibabu yenye makosa, yakiwemo kumpa mtoto chakula chenye protini na nishati nyingi tangu siku ya kwanza, na kumpa dawa za kukojoza ili uvimbe upungue.

Mwili wa mtoto mwenye utapiamlo mkali umejifunza kuishi kwa kidogo. Ini lake limejaa mafuta na halimudu kazi yake. Protini inapovunjwa hutoa amonia, ambayo ini hulazimika kuigeuza kuwa yurea, na figo hulazimika kuitoa. Ini lililochoka na figo dhaifu hulemewa. Potasiamu imepungua ndani ya seli, sodiamu imezidi, na moyo umenywea kama misuli mingine. Chakula kizito kinapoingia ghafla, madini hukimbilia ndani ya seli, maji hurudi katika mishipa, na moyo huo mdogo huelemewa. Mtoto huweza kufa siku ya tatu au ya nne, wakati jamaa wameanza kufurahi kwamba anakula.

Ndiyo maana F-75 hutolewa kidogokidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mtoto wa kilo 8 mwenye uvimbe mkubwa hupewa mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, yaani mililita 800 kwa saa 24, ambazo zikigawanywa mara 12 huwa kama mililita 65 kwa mlo mmoja. Mtoto asiye na uvimbe mkubwa hupewa mililita 130 kwa kila kilo. Wanga na mafuta yaliyomo hutoa nishati ya kuendesha mwili, ili protini chache zilizopo zitumike kutengeneza badala ya kuchomwa kama kuni. Kanuni hii ni ya lishe yote, si ya wodi pekee: mtu asiyepata nishati ya kutosha, hata akila mayai, mwili wake huyachoma mayai hayo kupata joto na nguvu.

Wakati huohuo mtoto hupewa antibiotiki, huwekwa mahali pa joto, na sukari ya damu yake huangaliwa. Madini ya chuma hayatolewi katika siku hizo za mwanzo, hata kama macho na viganja ni vyeupe. Dawa za kukojoza hazitumiki kabisa kwa uvimbe huu.

Kipo kipindi kimoja kinachowasumbua wazazi kuliko chote, na wahudumu wa afya huwa hawakieleze vya kutosha. Baada ya siku chache uvimbe huanza kushuka, na uzito hushuka pamoja nao. Mama aliyemleta mtoto wa kilo 8 humwona mizanini akiwa na kilo 7, mbavu zimejitokeza, mashavu yameingia. Huona kwamba hospitali inamkondesha mwanawe kwa maziwa ya maji. Wengine huondoka usiku kwa sababu hiyo. Dakika tano za kumweleza mama, siku ya kulazwa, kwamba uzito utapungua kwanza kwa sababu maji yanatoka, na kwamba mtoto atakayebaki ndiye mwanawe halisi, huweza kuwa na thamani sawa na dawa zilizomo kabatini.

Hamu ya kula inaporudi na uvimbe kupungua, huja zamu ya F-100. Hapo uwiano hubadilika: gramu 2.9 za protini kwa mililita 100, protini ikichangia asilimia 12 ya nishati na mafuta asilimia 53. Mahali pengine mtoto huhamia moja kwa moja kwenye chakula dawa, ile pakiti ya gramu 92 yenye takriban kilokalori 500, iliyotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, mafuta na sukari. Chakula hicho kilibuniwa Ufaransa katikati ya miaka ya 1990 na André Briend pamoja na Michel Lescanne, na kiliwezesha watoto wengi wenye hamu ya kula kutibiwa wakiwa nyumbani. Inafaa kuangalia kwamba hata katika hatua hii ya kukua kwa kasi, nusu ya nishati hutoka katika mafuta, si katika protini.

Kipimo cha uwiano huu hakikubuniwa maabara. Maziwa ya mama yana kama gramu 1 ya protini katika mililita 100, kiasi cha asilimia 6 tu ya nishati yake. Karibu nusu ya nishati hutoka katika mafuta, na iliyobaki hutoka katika sukari ya maziwa. Kwa chakula hicho peke yake mtoto mchanga huongeza uzito mara mbili ndani ya miezi mitano hivi. Kwa hiyo mtoto anapotoka ziwani na kuingia kwenye uji mweupe wa mahindi, protini hupungua ubora, lakini kinachoanguka ghafla kuliko vyote ni mafuta.

Hesabu ya bakuli moja yatosha kulionyesha jambo hili. Tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mtoto wa kilo 8 na nusu hujaa kwa mililita 250. Uji mwepesi wa kunyweka, wenye gramu 10 za unga katika mililita 100, humpa takriban kilokalori 90 kwa bakuli hilo. Mtoto wa umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili anayeendelea kunyonya huhitaji kama kilokalori 550 kwa siku kutoka katika chakula. Mabakuli matatu ya uji humpa nusu yake tu, naye ameshashiba. Mama hakumnyima. Amemlisha mpaka akakataa, na bado mtoto amelala na njaa.

Kijiko kimoja kikubwa cha karanga zilizosagwa, kikikorogwa ndani ya bakuli lilelile, huongeza kama kilokalori 90. Nishati huwa mara mbili bila bakuli kuongezeka. Protini hupanda kutoka gramu 2 hadi 6 hivi, na mafuta hufikia karibu asilimia 45 ya nishati, kiasi kinachokaribia maziwa ya mama. Mabakuli matatu ya namna hiyo yanafika pale panapotakiwa. Pasipo na karanga, kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia huongeza kilokalori 40, lakini mafuta hayana protini; hapo maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, yai au maziwa hujaza upande wa pili. Mahindi yana upungufu wa lisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Makande, chakula ambacho watoto wa shule za bweni hukilalamikia, ni mchanganyiko wa busara kwa kadiri protini inavyohusika.

Njia nyingine ni kimea. Watafiti wa Tanzania walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kijiko cha unga wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa hulainisha uji mzito ukawa wa kunyweka, hata mama akaweza kutia unga mwingi zaidi katika bakuli lilelile. Mafunzo hayo hayasikiki sana siku hizi, na ni hasara.

Kinachosikika sana ni unga wa lishe wa sokoni: mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga, maharage na dagaa, vyote vikisagwa pamoja. Muuzaji huhesabu idadi ya nafaka kana kwamba wingi wa majina ndio lishe. Mtoto haongezewi chochote kwa kupata nafaka nne badala ya moja, kwa kuwa zote hutoa wanga uleule. Zaidi ya hapo, karanga zikisagwa pamoja na unga na kukaa wiki kadhaa, mafuta yake huchacha, na karanga au mahindi yaliyoota ukungu huleta sumukuvu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga zichambuliwe, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, nazo zisagwe kidogokidogo na kuwekwa mbali na unga mpaka siku ya kupikwa.

Huko Mulago, katikati ya miaka ya 1960, jambo hili lilikwisha kueleweka. Kituo cha lishe cha Mwanamugimu kiliwakaribisha akina mama wakae na watoto wao na kupika wenyewe kitobero: ndizi au viazi pamoja na maharage, karanga au samaki, vikifungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke juu ya chungu cha chakula cha familia. Hapakuwa na unga maalumu wala kopo. Mama aliondoka na chakula ambacho angeweza kukipika tena kesho yake kwa vitu vya shambani mwake.

Uwiano huo ni wa mtoto mdogo, usihamishiwe kwa kila aliye mezani. Kwa mtu mzima WHO hushauri mafuta yasizidi asilimia 30 ya nishati, na sehemu kubwa ya nishati yake itoke katika nafaka zisizokobolewa, kunde, mboga na matunda. Bibi mwenye kisukari au babu mwenye maradhi ya figo apate kipimo chake kwa daktari, si kwa bakuli la mjukuu.

Kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kazi huanza kabla ya wodi. Utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, au miguu yote miwili ikibaki na shimo baada ya kubonyezwa, mtoto apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Utepe hauoni uvimbe: mtoto wa unyafuzi huweza kuwa na mkono mnene, na jamaa wakamsifu kwa kunenepa. Miguu ibonyezwe kila mara, kwa sekunde tatu, hata kama utepe umesoma kijani.

Siku ya kuruhusiwa, mtoto aliyefika bila kutabasamu huwa anang'ang'ania kikombe kwa mikono miwili. Mama hupewa tarehe ya kurudi wiki inayofuata, pakiti za chakula dawa za siku saba, na agizo kwamba pakiti hizo ni za mtoto huyo peke yake, kama zilivyo dawa. Muuguzi humwuliza nyumbani wana nini: karanga zipo? Kunde? Kuna kuku anayetaga? Kisha humwomba ampikie mtoto uji pale pale jikoni mwa wodi, naye humtazama anavyochota kijiko cha karanga na kukikoroga.